Mikaratusi Inywe Haraka

Jumatatu, 2 Aprili 2012

Kikao cha kamati ya makumbusho, sebuleni kwangu. Mwenyekiti ni jirani yangu Makhanu, kwa kuwa ana trekta na ana sauti. Mwaka umekwisha tangu Rosebella wangu atuache, na sasa ni lazima watu wakusanyike tena, waombe, wale, wamkumbuke. Tukapanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Mpaka hapo, amani.

Kisha Makhanu akaanza kusimulia makumbusho ya mama yake. Pilau. Chapati. Soda kwa watoto, na kwa watu wazima soda tena. Akauliza mimi nitawapa watu nini, maana kuanzia Butali mpaka Matete kila mtu amepanda miwa na anakula vizuri, na mimi peke yangu nimepanda miti isiyolika. Watu wakacheka. Kicheko cha adabu, lakini kicheko.

Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa. Nikasema watu watakula kunde za Rosebella, kutoka kwenye kishamba cha Rosebella mwenyewe.

Shemeji yangu Zilpah, dada mkubwa wa marehemu, alinitazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyepanda mezani.

Shida ni hii. Kishamba hicho kiko nyuma ya jikoni. Kabla hatujakinunua, palikuwa na fundi wa betri za matrekta. Aliyeyusha risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, akamwaga mabaki chini, akaenda zake. Rosebella akalima kunde juu yake bila kujua, mpaka Mideva, binti wa utafiti wa misitu, alipopima udongo na kutukataza kula chochote kinachoota hapo. Akatuletea miche ya mikaratusi. Alisema miti huvuta madini hayo kwa mizizi, ikayapandisha hadi kwenye majani, na udongo ukasafika polepole. Rosebella aliipanda kwa mikono yake. Namwona mpaka leo, kandambili ya kulia mguu wa kushoto na ya kushoto mguu wa kulia, kama kawaida yake, akisema, "Tutakula kunde hapa tena, baba Beldina."

Polepole! Hilo ndilo neno la kushughulikia. Kila mtu anajua mkaratusi hunywa mpaka chemchemi inakauka. Utashindwaje na risasi kidogo?

Jumatano, 4 Aprili

Nimefikiri sana. Mtu hanywi mpaka awe na kiu. Mti ni vivyo hivyo. Dawa ya kiu ni chumvi!

Nimenyunyizia chumvi kwenye mashina yote, nikiwa nimevaa koti la mvua ili Makhanu adhani naweka mbolea. Nimepanda kunde kati ya mistari pia, kwa sababu kunde haziwezi kungoja hadi usafishaji ukamilike. Zitachanua majani kabla ya siku yenyewe. Miti isafishe upande wake, kunde ziote upande wake. Kazi mbili kwa pamoja. Nashangaa serikali haijafikiria.

Jioni mti mmoja umeinamisha majani. Nadhani umeshiba.

Ijumaa Kuu, 6 Aprili

Mti haukushiba. Unakufa. Nimeumwagia maji asubuhi yote, nikachelewa ibada.

Kanisani, mhubiri akiwa katikati ya mateso, nikapata mwanga. Chumvi ilikuwa kosa la mwelekeo tu. Sisi wenyewe nani anakunywa chai bila sukari? Rosebella aliwahi kunitilia chumvi kwenye chai kwa bahati mbaya, na nikainywa yote ili asijue, lakini nilikunywa polepole sana. Ndiyo hivyo! Chumvi hupunguza mwendo. Utamu huongeza.

Makhanu ana mapipa ya molasi, ile lami tamu ya kiwandani, kwa ajili ya ng'ombe wake. Nilimwomba debe moja nje ya kanisa. Akauliza ni la ng'ombe gani, maana sina ng'ombe. Nikasema ni ng'ombe niliye naye kwenye mipango. Akanipa, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa Kuu na watu walikuwa wanatuangalia.

Nimemwagia mashina yote. Kishamba kinanukia kama harusi.

Jumamosi, 7 Aprili

Siafu. Nyuki. Siafu wengine, wakubwa zaidi.

Saa za chai ng'ombe wa Makhanu amevunja ua na kuanza kulamba udongo. Udongo wenye risasi! Nikamsukuma kwa bega. Ng'ombe akanisukuma pia. Makhanu akatokea wakati nimemkumbatia ng'ombe wake shingoni, nimepakwa molasi mpaka nyusi.

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Osundwa, wewe hukataanga kupanda miwa, halafu unakuja kulisha udongo sukari?"

Akamkokota ng'ombe wake na kuniambia nikilemewa na upweke niende kwake nikaongee na watu. Jibu zuri nimelipata sasa hivi, lakini ameshalala.

Jumanne, 10 Aprili

Leo nimeelewa kila kitu!

Tumekuwa tukikosea kuhusu miti. Mkaratusi ni kama mgeni aliyeshiba. Mgeni aliyeshiba hali tena mpaka nafasi ipatikane. Mideva alisema mwenyewe kwamba risasi hupanda mpaka kwenye majani. Basi majani yamejaa! Yaondolewe, mti ubaki na njaa, uvute upya kwa nguvu.

Nikapanda juu na panga. Nilianza na mti wa mwisho, ule ambao Rosebella alikuwa akiutundikia jembe lake ingawa tawi lilikuwa jembamba kama kidole. Nikaupapasa vizuri, nikauvua polepole, nikamwomba Rosebella radhi. Mingine niliivua kwa kasi. Nilianguka mara moja, lakini juu ya majani. Nikapumzika hapo hapo, nikitazama mawingu, nikicheka peke yangu kama mwehu. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Jioni miti yote imebaki fito. Inaonekana imeshtuka. Kunde chini yake, kwa upande mwingine, zimeota! Mbili mbili, kijani, zimeinua vichwa kama watoto wa darasa la kwanza wakisikia jina lao.

Alhamisi, 12 Aprili

Majani yamejaza jikoni. Mideva alitukataza kabisa kuyachoma. Alisema majani yakianguka yakusanywe kwenye magunia makavu, aje ayachukue mwenyewe. Lakini magunia yangu nimeyaweka chini ya kitanda kilichovunjika mguu, na kitanda ni muhimu.

Nimeyachoma. Kwa busara. Moshi wa mkaratusi unajulikana toka mbali, na Makhanu ana pua ya mwenyekiti. Kwa hiyo nilirundika juu yake makapi ya maharagwe, mengi, yale Zilpah aliyokuwa ameyaweka nyuma ya ghala. Harufu ikawa ya maharagwe tu. Makhanu alipita akasema kwa heri bila hata kunusa. Ushindi!

Majivu nimeyazoa yote, mepesi na meupe, nikayatia kwenye debe la jikoni lenye kifuniko ili mvua isiyarudishe kwenye udongo. Mtu asiseme sikufuata maagizo. Nimefuata karibu yote.

Jumamosi, 14 Aprili

Mideva amekuja na pikipiki. Sikumtarajia kabla ya Mei.

Alisimama mbele ya miti bila kuvua kofia yake ya pikipiki. Akauliza majani yamekwenda wapi. Nikamwambia tumbili. Kundi kubwa, kutoka msitu wa Buyangu. Wamekula yote.

Akavua kofia. Ana macho ya upole, na hilo ndilo baya zaidi.

"Tumbili walitoka Buyangu, mzee, wakapita mashamba yote hayo ya miwa bila kuvunja hata muwa mmoja, wakaja kwako kula majani ya mkaratusi?"

Nikasema tumbili wa siku hizi wanaangalia afya. Hakucheka. Akachimba udongo hapa na pale, akaweka kwenye vifuko, akasema atanipigia simu. Akaziona kunde. Akaniuliza kama nina nia ya kuzila. Nikasema ni za kupendezesha.

Alipokuwa akiondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema Mama Rosebella angefurahi kuona mti wake wa mwisho ulivyorefuka. Nikajifanya nafukuza kuku.

Jumatatu, 23 Aprili

Simu! Risasi imepungua!

Nilizunguka nyumba nikipiga makofi. Nilimkumbatia Zilpah, ambaye alikuwa amebeba maji, tukalowa wote. Makhanu akachungulia juu ya ua kuuliza nani amefariki au amezaliwa. Nikamwambia asubiri Jumamosi, ataonja.

Baadaye nikampigia Mideva tena ili arudie ile sehemu nzuri. Akairudia. Imepungua kidogo. Kidogo sana. Kile alichokisema baada ya hapo sikuwa nimekisikia kwa sababu ya makofi. Bado haifai kulima chakula. Kunde za hapo zisiliwe na mtu wala mbuzi. Itachukua miaka, mzee. Miaka kadhaa.

Nimekaa kwenye kigogo nyuma ya jikoni. Kunde ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Majani mapana, laini, yanang'aa. Rosebella alikuwa akichuma kunde akihesabu kuku kwa majina, na akimaliza kuku alianza upya ili tu asiache kuhesabu. Siku Mideva alipotukataza, aling'oa kila mche siku ile ile, akazika, akanawa mikono, akaingia ndani.

Watu wake wanakuja Jumamosi. Watoto wa dada zake. Kwaya nzima. Sitawapa kitu ambacho yeye alikizika.

Lakini nimekwisha kusema mbele ya kamati.

Alhamisi, 26 Aprili

Mpango mpya, na huu hauna dosari.

Nimekwenda soko la Matete kulipopambazuka. Nimenunua kunde kwa mama mmoja aitwaye Jescah, ambaye shamba lake liko mbali na kila kitu, mpaka nyumba yake mwenyewe iko mbali nalo. Kunde safi! Nimerudi nazo, nyingine ndani ya koti na nyingine ndani ya mwavuli uliofungwa. Dereva wa pikipiki aliniuliza kwa nini mwavuli umenenepa.

Kisha nikachuma kunde zangu zote, hadharani, nikiimba, ili Makhanu anione. Akaniona! Akaegemea ua akasema kwa kweli zimependeza, na kwamba yeye alidhani najisifu tu. Nikamwonea huruma kidogo.

Za kishambani nimezitia kwenye gunia na kulifunga kwa kamba, tayari kwa Mideva. Kitanda sasa kimeinama. Za Jescah nimempa Zilpah nikamwambia ni za kishamba cha dada yake. Alizishika, akazinusa, akageuka dirishani. Nikaona mabega yake yakitikisika. Hapo nikajuta uongo wangu, lakini mpango ulikuwa umeshaanza kutembea.

Angalau ni salama. Kwa mara ya kwanza mwezi huu, kila kitu ni salama kabisa.

Jumamosi, 28 Aprili

Naandika nikiwa nimeketi juu ya sufuria lililopinduliwa.

Ibada ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba vizuri. Watu walisema mambo ya kweli kuhusu Rosebella, kwamba alikuwa anagawa mbegu kwa mtu yeyote anayesimama kwenye lango, hata wale waliosimama kuuliza njia. Nikalia kwa raha.

Kisha chakula. Nyama, obusuma, yaani ugali, mlima mzima, na kunde katika masufuria makubwa matatu, laini, zimeteleza vizuri. Makhanu akawa wa kwanza kupakuliwa, kama mwenyekiti. Nikapita jikoni kumshukuru Zilpah. Nikasema sijawahi kuona kunde zimelainika hivyo.

Akajifuta jasho, akafurahi.

"Ni munyu, shemeji. Nilikuta majivu yako ya maharagwe kwenye debe, meupe hivyo. Nikayachuja yote."

Munyu! Kila mwanamke hapa huchuja majivu ya maharagwe kwa maji, na maji yale hulainisha mboga. Rosebella hakuwahi kupika kunde bila munyu. Na mimi nimepika risasi ya miti yote, nikaifunika kwa makapi ya maharagwe, nikaipa debe la jikoni, na kuitunza isilowe!

Nilijaribu akili kwanza. Nikamwambia Zilpah nimeota Rosebella akikataza munyu. Akasema Rosebella angekataza kwanza mimi nisiote mchana. Nikatazama nje. Makhanu amekunja tonge, amelichovya, linapanda.

Nilikimbia. Sijui nilipitaje kati ya kwaya. Nikaupiga mkono wa Makhanu, tonge likaruka na kutua kwenye kofia ya mhubiri. Nikanyakua sahani yake. Nikarudi nikasukuma sufuria la kwanza likapinduka, la pili, la tatu likakataa kupinduka, nikalikalia likiwa bado la moto, ndipo likakubali.

Makhanu akauliza watu kama kuna mtu anaijua dawa ya hali hii. Mtu mmoja akasema ni huzuni, waniache nimalize. Akina mama wakaanza kunipepea.

Nikasimama. Nikasema yote. Chumvi, molasi, majani, majivu, hata Jescah wa Matete. Nikawaambia nilitaka wale kunde za Rosebella pale pale aliposema tutakula tena, na sikuweza kungoja. Hakuna aliyekuwa amemeza. Walikuwa wanangoja mwenyekiti aanze, ndiyo desturi, na Mungu abariki desturi.

Zilpah akaja mbele na mwiko mkononi. Nikajua atanipiga, na ni haki yake.

"Dada yangu aliniambia," akasema, "siku moja huyu atatuua akitaka kutufurahisha. Kaa chini, shemeji. Kuna kabichi."

Akaanza kucheka. Kicheko kile kile cha Rosebella, kinachoanzia puani. Sikujua kama anacho pia. Kikamshika mhubiri, bado na tonge kwenye kofia, kikashika kwaya, kikamfikia Makhanu mwisho, na alipocheka aliketi chini kabisa kwenye nyasi, akashika tumbo. Tulikula nyama na kabichi mpaka jua likaondoka. Watu wanasema hawajawahi kuhudhuria makumbusho kama haya. Nadhani wanasifu.

Jumatatu, 30 Aprili

Mideva amekuja kuchukua vyote: gunia la kunde, mabaki ya masufuria, masalia ya debe. Amechota hata udongo wa jikoni. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtu aliye juu ya ngazi, kwamba risasi haiishi kwa moto wala kwa maji, inahama tu. Inatoka kwenye udongo inaingia kwenye jani, kwenye majivu, kwenye chungu, kwenye mtu. Kwa hiyo mti uachwe, majani yaanguke yenyewe, yawekwe kwenye gunia, na mtu angoje.

Nimeelewa. Nimemwapia mbele ya Zilpah. Hakuna chumvi, hakuna panga, hakuna moto. Miti inachipua tena, vikucha vidogo vya kijani kila mahali, hata ule uliotaka kufa kwa chumvi. Nimebadilika kabisa. Najisikia mwepesi.

Akiwa anavaa kofia yake alisema kitu kidogo tu, kwa kupita. Kwamba kuna sehemu watafiti wanajaribu alizeti, kwa kuwa hukua na kuvuta madini kwa msimu mmoja tu, si miaka. Msimu mmoja! Aliendelea kusema mengine, neno "lakini" nililisikia vizuri, ila pikipiki ilikuwa imeshawaka.

Nimepanda alizeti kati ya mistari yote jioni hii. Zitafagia kishamba, na mwakani Rosebella atapata kunde zake. Na uzuri wa ajabu ni huu: hakuna kuchoma, hakuna majivu, hakuna kupoteza. Alizeti ina mbegu, na hakuna kitu kinachonenepesha kuku kama mbegu za alizeti!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Makhanu kuomba radhi kwa ule mkono. Nimemwalika Krismasi, yeye na mhubiri na familia zao, waje wale ingokho kwangu, kuku wanono ambao kijiji hiki hakijawaona. Amekubali papo hapo. Ameniuliza nitawalisha kuku hao nini.

Nimemwambia ni siri.